Nyimbo tisa kutoka Nyalenda: shajara ya albamu yetu ya kwanza

Sisi ni vijana wanne wa Kisumu: mwimbaji, mpiga besi, mpiga ngoma na mimi wa gitaa. Muziki wetu ni pop, ila gitaa limelelewa na benga, muziki wa magitaa wa Waluo, na hilo halifichiki hata tukitaka. Lebo hatuna. Kibubu cha bendi kina shilingi 45,000, pesa za harusi na shoo za Desemba. Tunataka kurekodi nyimbo kumi na moja wenyewe kabla mwaka haujaisha. Tulitafuta mtu wa huku kwetu aliyeeleza kwa Kiswahili jinsi bendi changa inavyojirekodia albamu, tukamkosa, ndiyo maana naandika. Kila hatua ikikamilika nitaongeza hapa, pamoja na bei tuliyolipa.

12 Januari 2025: Chumba

Shangazi yake mpiga besi ametuachia chumba kilicho nyuma ya nyumba yake Nyalenda. Mita tatu kwa tatu, kuta za mawe, paa la mabati, dirisha moja linalotazama uchochoro. Sharti lake ni moja tu: ikifika saa tatu usiku pawe kimya, maana ana wapangaji wenye watoto wadogo.

Tulianza na trei za mayai, kama kila mtu. Tulinunua sitini kuukuu kwa muuza mayai, shilingi kumi kumi, tukashinda siku nzima tukizibandika ukutani kwa gundi ya mbao. Jioni mwimbaji akaimba ndani, mimi nikasimama uchochoroni. Nilisikia kila neno. Naye huko ndani alisikia bodaboda, mtoto akilia na mama mboga akiita wateja, vilevile kama jana yake. Trei ni karatasi nyepesi. Hupunguza kidogo milio ya juu, ile ya "s" na ya matoazi, lakini sauti za chini huzipita kana kwamba hazipo. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba nyufa, na mlango wetu una mwanya wa vidole viwili chini.

Besi ndiyo iliyotuonyesha ubaya mkubwa zaidi. Mpiga besi alipopiga noti ya A, chumba kizima kilivuma, kikombe cha chai kikatetemeka juu ya spika. Akapanda noti mbili, mvumo ukatoweka. Nikiegemea ukuta ile A inanguruma kifuani, nikisimama katikati ya chumba inakuwa kama imemezwa. Hesabu yake si ngumu: sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya umbali kati ya kuta, kwetu ni 6, unapata mitetemo 57 kwa sekunde. A ya besi ni 55. Na kwa kuwa chumba ni mraba, kuta za pande zote mbili zinaisukuma noti ileile. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, usichukue chumba cha mraba. Sisi hatukuwa nayo.

Gharama: trei 600, gundi 450. Zote zimeenda bure.

2 Februari: Magunia

Tumebandua trei. Jumapili iliyopita tulienda soko la Kibuye, tukanunua magunia manane, kisha tukawapitia wauza mitumba jioni wanapofunga, tukachukua fagia, zile nguo ambazo hazina mteja tena. Sweta nzito, jaketi, jinzi zilizochanika. Mashati tuliyaacha, hayana uzito. Tulishindilia magunia, tukayapanga kwenye pembe nne za chumba, mawili mawili kutoka sakafuni kwenda juu, mbele yake tukaweka fremu za mbao zilizowambwa shuka. Chini ya mlango tukapigilia ukanda wa mpira wa tairi.

Kosa letu hapa lilikuwa haraka. Nguo zilikuwa na unyevu na hatukuzianika. Siku ya sita chumba kikaanza kunuka uvundo, mwimbaji akawa anakohoa katikati ya mistari. Tulifungua magunia yote, tukaanika kila kitu uani siku mbili, Shangazi akisaidia kugeuza sweta kwa mwiko mrefu wa ugali, tukashindilia upya. Ukifanya kazi hii, anika kwanza.

Mvumo wa ile A haujaisha, ila umepungua sana, na mwangwi mkali wa kupiga makofi umekwisha. Besi tumeamua kuirekodi kwa waya moja kwa moja hadi kwenye kadi ya sauti, kile kifaa cha kuingiza sauti kwenye laptopu, bila spika, ili chumba kisiiguse kabisa.

Gharama: magunia 400, fagia 2,400, mbao na misumari 1,800, shuka 700.

1 Machi: Mngurumo wa stima

Wiki nzima imeliwa na mngurumo. Kila gitaa langu lilipokuwa limechomekwa kulisikika "mmmm" ya chini isiyokoma. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha gitaa, nikafungua tundu la jeki nikalehemu upya. Kumbe jibu lilikuwa vidoleni mwangu: nikishika nyuzi mlio unakufa, nikiachilia unarudi. Maana yake mwili wangu ndio uliokuwa waya wa ardhi. Chaja ya laptopu ilikuwa ya pini mbili, na soketi ya chumba ilikuwa na tundu la tatu lisilo na waya wowote nyuma yake. Stima yetu hutetema mara 50 kwa sekunde, na hiyo ndiyo noti tuliyokuwa tukiisikia, pamoja na wajukuu wake wa 100 na 150.

Fundi wa mtaa alivuta waya wa ardhi kutoka nyumba kubwa, tukanunua ekstensheni ya pini tatu. Hata hivyo magitaa yote tumeyarekodi laptopu ikiwa kwa betri, chaja imechomolewa. Betri hudumu saa mbili hivi, kwa hiyo tunafanya wimbo mmoja, tunapumzika, tunachaji. Mapumziko hayo yametufaa, kwa sababu masikio nayo huchoka.

Gharama: ekstensheni na kazi ya fundi, 1,200.

23 Machi: Ngoma

Ngoma hazingetosha chumbani, wala Shangazi asingevumilia. Kanisa moja la Manyatta lilitukodishia ukumbi pamoja na seti ya ngoma, nusu siku mara mbili. Kadi yetu ina matundu mawili tu. Tulikuwa tumeahidiwa kuazimwa kadi ya matundu manane, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, tukaacha kusubiri. Maiki moja tuliiweka juu ya bega la kulia la mpiga ngoma, ikitazama chini kuelekea sneya, ile ngoma ndogo ya mlio mkali, maiki ya pili mbele ya ngoma kubwa. Basi. Ikabidi mpiga ngoma ajichanganye sauti kwa mikono yake mwenyewe: matoazi apige taratibu, sneya aipe nguvu. Ukumbi umeongeza mwangwi ambao hautoki, ila tumeupenda.

Tatizo halisi lilikuwa metronomu, ile inayotuhesabia mapigo. Wimbo wa pili una sehemu mbili: kwanza maneno, kisha maneno yananyamaza na magitaa yanachukua uwanja, kama benga inavyotaka. Tuliurekodi kwa mapigo 120 kwa dakika mwanzo hadi mwisho, kila mtu akiwa na hedifoni. Tuliposikiliza, sehemu ya magitaa ilikuwa imekufa. Hakuna aliyekosea noti, ila hakuna ambaye angeinuka kwenye kiti. Tukachukua rekodi ya simu ya shoo ya Desemba, tukaipima: tulikuwa tumeanza na 118, na magitaa yalipoingia tukawa tumefika 126 bila mtu kupanga. Sasa tumeiambia metronomu ipande vivyo hivyo, polepole kwa mistari minane. Wimbo umefufuka.

Gharama: ukumbi 3,000, pikapu 800.

13 Aprili: Mvua

Masika yameingia na paa ni mabati. Matone kumi ya kwanza yanatosha kuharibu rekodi. Huku ziwani mvua na radi hupenda kuja alasiri na jioni, kwa hiyo mwimbaji sasa anaimba saa mbili asubuhi hadi saa sita. Sauti yake asubuhi huwa nzito zaidi. Mwanzoni alilalamika, lakini kwenye nyimbo mbili za polepole uzito huo umekaa vizuri kuliko tulivyotarajia. Nyimbo sita zimeimbwa. Gharama hakuna, chai ni ya Shangazi.

4 Mei: Nyatiti, mara ya kwanza

Wimbo wa nne uliandikwa kwa ajili ya nyatiti, kinubi cha Waluo, tangu siku ya kwanza, na kwetu hicho si chombo cha pambo. Gitaa la benga, lile la kudonoa noti moja moja, lilijifunza kutembea kwa kuiga nyuzi za nyatiti, na kina D.O. Misiani wakalifikisha kila mahali pa kanda hii. Ayub Ogada, aliyefariki 2019 huko Nyahera, hapa juu ya Kisumu, aliibeba nyatiti yenyewe hadi Uingereza, na lebo ya Real World ikatoa albamu yake mwaka 1993. Kibodi ina mlio unaoitwa kinubi cha Afrika. Hatukuutaka.

Tulimpata mzee mmoja kutoka upande wa Kombewa, jathum, yaani mpiga nyatiti, wa miaka mingi ya matanga na harusi. Alikuja na matatu ya asubuhi, chombo kimefungwa kwa leso. Nyuzi nane, zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, siku hizi ni nailoni ya kuvulia samaki. Akaketi kwenye kigoda, akafunga gara, zile njuga, mguuni, akavaa oduong'o, ile pete ya chuma, kwenye kidole gumba cha mguu. Pete hiyo huigonga kwenye mti wa chombo, ndiyo ngoma yake. Mtu mmoja anapiga nyuzi, anapiga ngoma, anaimba.

Niliweka maiki mbele ya ngozi, umbali wa kiganja, kama ninavyofanya kwa gitaa. Oduong'o ikawa inalipuka, taa nyekundu kila pigo, na nyuzi zikasikika kama ziko chumba cha pili. Hilo lingerekebishika. Lisilorekebishika ni kwamba nilimpa hedifoni zenye magitaa tuliyokwisha kurekodi, nikamwambia afuate. Alipiga mistari miwili, akazivua.

"Hawa na mimi hatuko nyumba moja," akasema.

Alikuwa juu yetu, zaidi kidogo ya robo ya nusu toni. Nikamwonyesha programu ya kupima noti kwenye simu, nikamwomba ashuke. Kwa heshima tu akajaribu. Nyuzi zikalegea, chombo kikapoteza mlio wake, na yeye mwenyewe akawa hana pa kuweka sauti, kwa sababu nyatiti anaifunga kwa koo lake. Tulirekodi hivyohivyo alivyokuwa mwanzo, mimi nikijipa moyo kwamba kompyuta itamaliza. Usiku nilivuta noti moja moja kwa programu. Nyuzi zilikuja, lakini pete na gara zilivutwa pamoja nazo, na sauti ya mzee ikawa kama ya mtu aliyefungiwa kwenye debe. Nilifuta yote.

Mchana huo, tukimsindikiza hadi stejini, alikuwa ameniuliza jambo. "Mwanangu, magitaa yenu yana vigingi vya kuzungusha. Mbona mimi ndiye nihame?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Gharama: ujira wa mzee 4,000, nauli yake 400.

18 Mei: Kombewa

Safari hii tulimfuata sisi. Laptopu iliyojaa chaji, kadi, maiki mbili, magitaa mawili. Tulidhani tutarekodia chini ya mwembe, upepo ukakataa. Mzee akatuingiza sebuleni: kuta za udongo, makochi yenye vitambaa, mazulia mawili. Nilipiga kofi moja na sikusikia mwangwi wowote. Ni chumba bora kuliko chetu chenye magunia yote yale.

Aliifunga nyatiti kwa koo lake la siku hiyo. Nikapima: pale A ya gitaa letu hutegemea mitetemo 440 kwa sekunde, yeye alikuwa 447. Tukazungusha vigingi, dakika mbili tu. Besi nayo tukaiandika pembeni kwamba itapigwa kwa 447. Lakini kupanda pamoja naye hakukumaliza kazi. Noti yake ya tatu haiko pale ambapo pao za gitaa, vile vyuma vya shingoni, zinaiweka, iko katikati ya pao mbili, na kila nilipoipiga tulisuguana. Kwa saa nzima nilijaribu kuisukuma kwa kuvuta uzi, ikawa bahati nasibu. Mwisho nikaiondoa noti hiyo kwenye kila kodi yangu, yaani noti ninazopiga kwa pamoja, nikabaki na ya kwanza na ya tano, ya tatu nikamwachia mwenyewe. Kibodi tumeitoa kwenye wimbo huu kabisa, na besi itafuata njia yangu. Wimbo umebaki na nafasi wazi katikati ambayo nyatiti inakaa peke yake, na nimeusikiliza mara nyingi nikijiuliza kwa nini tulikuwa tumeujaza.

Maiki ya kwanza niliipandisha usawa wa kifua chake, urefu wa mkono mmoja, ikitazama nyuzi, mgongo wake ukiuelekea mguu wenye pete. Maiki za kuimbia nyingi hazisikii vizuri nyuma yake, na udhaifu huo ndio uliotuokoa. Ya pili ilikuwa mdomoni mwake. Hakuna hedifoni, hakuna metronomu, yeye mbele sisi nyuma. Mara ya tatu ndiyo tuliyoichukua. Katikati yake mjukuu alifungua mlango. Mzee, bila kuacha kupiga, alimtikisia mguu wenye gara, na mtoto akarudi nje. Mtikisiko huo wa ziada umo, na mpiga ngoma ameujengea kiitikio chake.

Gharama: ujira 4,000, nauli yetu 1,200.

8 Juni: Diski

Naandika hili kwa uchungu. Tarehe 3 laptopu haikuwaka. Ilipofunguliwa, diski ilikuwa inatoa mlio wa kugonga, kik, kik, kik. Fundi mmoja wa mjini alichukua 2,000 na siku nne, hakutoa kitu. Nyimbo nane zilikuwa na nakala kwenye flashi ya mpiga besi, kwa sababu yeye hupenda kujizoeza nyumbani. Mbili zilikuwa na nakala nusu, tumerudia sauti ya mwimbaji. Wimbo wa Mbita, ule wa feri, umepotea wote.

Umebaki kama faili moja niliyomtumia mwimbaji kwa WhatsApp ili asikilize kitandani. Tulijaribu kuutumia. Matoazi yanasikika kama maji yanayochemka na besi haipo. Tukajaribu kuurekodi upya, mara mbili, siku mbili tofauti. Mwimbaji aliimba vizuri kuliko zamani na bado haukuwa ule. Kwenye ule wa kwanza alikuwa amecheka kidogo kabla ya ubeti wa mwisho, na kicheko hakirudiwi kwa kukusudia. Tumeuacha. Tumebaki na nyimbo kumi.

Sasa kila jioni, kabla mtu hajabeba begi, faili zinakwenda sehemu tatu: laptopuni, kwenye diski ya nje, na kwenye flashi inayolala nyumba nyingine. Nyumba nyingine, si rafu nyingine. Mwizi au radi ikija haichagui rafu.

Gharama: fundi 2,000, diski mbili 6,500. Harusi tuliyopiga Ahero wiki hii imeleta 12,000, la sivyo tungesimama hapa.

29 Juni: Karatasi

Kabla hatujawa wanne tulikuwa watano. Mwenzetu wa kibodi alihamia Eldoret kwa kazi mwaka jana, tukaagana vizuri. Wiki iliyopita alisikia kipande cha wimbo wa saba, akapiga simu kuuliza jina lake litaandikwa wapi. Kiitikio ni chake, na hakuna kati yetu anayebisha. Ila mmoja wetu alisema nusu, yeye akasema theluthi mbili, na hatukuwa na maandishi yoyote. Simu ilikatwa kwa hasira pande zote. Wimbo huo tumeuweka kando mpaka tukae naye uso kwa uso. Albamu sasa ni nyimbo tisa.

Jambo ambalo hatukulielewa mwanzo ni kwamba haki ziko mbili. Kuna ya utunzi, yaani maneno na melodia, ambayo kwa sheria ya Kenya hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Na kuna ya rekodi yenyewe, nayo ni miaka 50. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine. Haki huzaliwa pale kazi inapowekwa kwenye maandishi au rekodi, hata bila kusajili, lakini usajili wa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni ushahidi ukigombaniwa.

Tumekaa jioni mbili na daftari. Kila wimbo una ukurasa wake: nani aliandika maneno, nani melodia, nani alipiga nini, asilimia ngapi, sahihi. Wimbo wa nne mzee wa Kombewa ana 40 za utunzi, kwa sababu mzunguko wa nyuzi ambao kila kitu kimeuzunguka aliuleta yeye. Tulimpelekea ukurasa, mwanawe akamsomea, akaomba tuandike pia jina la aliyemfundisha. Tumeandika.

Fanyeni kazi hii siku ambayo wimbo umezaliwa, mkiwa bado mnacheka.

20 Julai: Kuchanganya sauti

Chumba cha mraba kimetupiga mara ya pili. Meza yangu ya kuchanganyia imeegemea ukuta, na ukutani, kama nilivyoandika Januari, ile A inanguruma. Kwa hiyo kila wimbo wenye A nyingi nilikuwa naushusha hapo chini bila kujua kwamba natibu chumba. Tukapanda tuktuk Kondele kwenda mjini, tukamwomba dereva aweke flashi yetu. Nyimbo tatu zilikuwa hazina besi. Dereva alitusikiliza kwa adabu, kisha akaongeza kitufe chake cha besi hadi mwisho, na bado hakuna kitu. Nilitamani kushuka.

Nimevuta meza mbele, theluthi ya chumba. Nimeondoa kila nilichopunguza karibu na 57, na sauti za chini sasa nazipima kwa hedifoni kwanza, spika baadaye. Kuna na jambo la simu: spika ya simu haiwezi kabisa kutoa ile A ya 55, hata ukiongeza vipi. Kinachosikika huko ni noti za juu za besi, 110, 165, 220. Niliongeza mkwaruzo kidogo kwenye besi ili noti hizo zitokeze, na ghafla mpiga besi akajisikia kwenye simu yake kwa mara ya kwanza. Alinirudishia simu, akaichukua tena, akasikiliza mara ya pili.

Masikio yetu ya majaribio yamekuwa manne: hedifoni, simu, tuktuk na spika ya kinyozi wa hapa mtaani. Wimbo ukipita kwa kinyozi, mashine zikiwa zinanguruma, tunauacha.

Kazi ya mwisho, ya kusawazisha albamu nzima, tumempa fundi wa sauti wa Nairobi, 2,000 kwa wimbo. Tulimwomba apandishe sauti ishindane na za redioni, naye akafanya tulivyoomba. Ilirudi imebanwa, ngoma hazina pigo. Kisha tukajifunza kwamba Spotify hushusha kila wimbo ulio juu hadi karibu -14 kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa hiyo tulikuwa tumeua ngoma ili kupata kitu ambacho tungenyang'anywa. Alirudia bila malipo, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

Gharama: 18,000.

17 Agosti: Jalada

Msambazaji wa mtandaoni alikataa jalada letu. Picha ilikuwa nzuri, mwimbaji amesimama Dunga alfajiri, gugumaji limejaa hadi kwenye mashua. Lakini tulikuwa tumeandika chini namba ya simu ya kutualika kwenye shoo, na jalada halitakiwi kuwa na namba wala anwani yoyote. Tumeondoa, tumetuma upya kwa pikseli 3,000 kwa 3,000, na tarehe ya kutoka imesogea wiki mbili. Kila rekodi imepewa namba yake ya ISRC, ile ya kuitambulisha kimataifa, yenye herufi na tarakimu 12. Zinakilini kwenye lile daftari la asilimia, kando ya kila wimbo.

Gharama: picha 2,500, ada ya mwaka ya msambazaji 3,000.

13 Septemba: Imetoka

Albamu imetoka tarehe 5. Nyimbo tisa, dakika 34. Gharama yote mpaka siku hiyo ni 52,950. Tangu 2024 wimbo ambao haujafikisha masikilizo 1,000 kwa miezi 12 haulipwi kitu kwenye Spotify, kwa hiyo tunahesabu. Wimbo wa nne una 612 kwa siku nane. Nyingine bado zinatambaa.

Jana nilienda Kombewa. Mzee hana simu ya intaneti, ana redio ndogo yenye tundu la kadi ya memori. Nilikuwa nimemnunulia kadi ya 600, nikaweka albamu nzima kwa ubora wa juu kabisa, faili za WAV. Redio ikaandika sifuri. Tukachomoa, tukachomeka, sifuri. Redio za namna ile husoma MP3 tu. Nilipanda boda hadi sokoni kwenye duka la kuweka nyimbo, kijana akazigeuza zote kwa dakika kumi, nikarudi.

Mzee alikuwa bado ameketi palepale. Wimbo wa nne ulipofika kwenye ule mtikisiko wa gara, alimwita mjukuu kwa jina, akamwambia aje asikie alivyofukuzwa. Wakausikiliza tena kuanzia mwanzo. Nilipoaga, redio ilikuwa kwenye wimbo wa tano, na mzee ameshachukua nyatiti, anatafuta wapi gitaa langu limefungwa.